Maswali yenu: kiwewe na kumbukumbu katika riwaya za wanawake wa Kiarabu

Riwaya ya Sayyidat al-Qamar inanichanganya. Hapa msichana anaolewa, mbele kidogo ana mtoto mkubwa. Mwandishi amekosea mpangilio?

Hajakosea. Jokha Alharthi wa Oman (riwaya ilitoka 2010, tafsiri ya Kiingereza ikashinda Man Booker International 2019) ameipa kazi yake sauti mbili. Sura nyingi ziko katika nafsi ya tatu. Zinazozikatiza ni za Abdallah, nafsi ya kwanza, akiwa ndani ya ndege. Amekaa kitini, hana pa kwenda, na mawazo yanamrudisha kisimani: utotoni baba yake alimfunga kamba akamning'iniza humo kichwa chini. Kisa hicho hakisimuliwi mara moja kikaisha. Kinachomoza kipande, kinazama, kinarudi na sauti ya baba. Mwenye kiwewe hachagui saa ya kukumbuka, na mpangilio wa sura umejengwa juu ya ukweli huo. Ukiyapanga matukio kwa tarehe daftarini utaupata ukoo, lakini kisima kitakupotea.

Tena msiziruke sehemu za Zarifa, mtumwa aliyemlea Abdallah. Alharthi amemfanya azaliwe utumwani tarehe 25 Septemba 1926, siku uliposainiwa kule Geneva Mkataba wa kupiga vita utumwa. Oman ilipiga marufuku utumwa 1970. Unguja, Bagamoyo na Maskati zina historia moja ya biashara hiyo, na majumbani mwetu bado inazungumzwa kwa kunong'ona. Msomaji wa pwani anayeiona riwaya hii kuwa ya "kule Arabuni" hajaisoma.

Je, haya yaliwapata waandishi wenyewe?

Swali hili haliishi. Hizi ni riwaya. Mwanamume akiandika vita husifiwa ubunifu. Mwanamke akiandika huulizwa yalimpata lini. Ahlam Mosteghanemi aliipa Dhakirat al-Jasad (1993) msimulizi mwanamume, mchoraji aliyepoteza mkono wa kushoto katika vita vya ukombozi vya Algeria. Basi.

Naomba muhtasari wa Hikayat Zahra, mtihani ni wiki ijayo.

Situmi muhtasari. Fungua mwanzo wa kitabu: mtoto na mama yake wamejificha nyuma ya mlango, gizani, kiganja cha mama kimemziba mtoto mdomo. Ukishakiona kiganja hicho, utaelewa ukimya wote wa Zahra, hadi katikati ya vita vya Beirut. Hanan al-Shaykh aliitoa 1980. Wiki moja inatosha kuisoma.

Naandika tasnifu kuhusu kiwewe cha Nakba, yaani kufukuzwa kwa Wapalestina 1948. Nianze na nadharia gani?

Usianze na nadharia. Tasnifu nyingi huharibika hapo: kurasa 30 za wananadharia, kisha riwaya inapewa 10 na kulazimishwa ikubaliane nao. Soma riwaya mara mbili. Mara ya pili chagua kitu kimoja kinachoshikika, uandike kila kinapotokea: ukurasa, nani anasimulia, kimetajwa baada ya nini. Katika al-Tanturiyya (2010) ya Radwa Ashour, fuata ufunguo wa nyumba. Ruqayya, msimulizi, ameziona maiti za baba yake na kaka zake wawili kijijini kwao Tantura, Palestina. Mama anashikilia kwamba wanawe wako Misri. Ufunguo unabebwa na watu wawili wenye kumbukumbu zinazopingana, na hapo ndipo penye tasnifu yako.

Kisha linganisha na Tafsil Thanawi (2017) ya Adania Shibli. Nusu ya kwanza, jangwani Negev mwaka 1949, inaeleza vitendo tu vya afisa mmoja wa jeshi la Israeli: ananawa, anajikausha, anakagua kambi. Hofu haitajwi. Nusu ya pili ni ya mwanamke wa Ramallah, nafsi ya kwanza, na hofu imejaa. Mbwa abwekaye na harufu ya petroli vinavuka kutoka nusu moja hadi nyingine. Ukitafuta machozi tu, hivyo viwili vitakupita.

Nisome Kiarabu au Kiingereza?

Kiarabu ukikiweza. Sayyidat al-Qamar ni Mabibi wa Mwezi. Kiingereza kimeiita Celestial Bodies, na mabibi wametoweka jaladani.