Anko, ubao wa vishale unamwagiwa maji?

SWALI: Shikamoo Anko. Sisi tuko Ngamiani hapa Tanga, kila Jumapili tunacheza vishale (darts) baa ya mtaani. Sasa tunataka tuanzishe ligi na baa zingine tano ila kila kikao ni ugomvi, huyu anataka mtoano yule anataka ligi. Halafu mwenye baa kila asubuhi anaumwagia ubao maji, eti ndo wazee walivyokuwa wanafanya, na ubao wenyewe umeshaanza kutoa kitambi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwanza mnyang'anyeni hiyo ndoo. Ila msimcheke sana, hajaokota jalalani maana zamani kule Uingereza kwenye mabaa yao ubao ulikuwa wa mti kweli, na usiku waliuloweka ili usikauke ukapasuka na matundu yajizibe. Miaka ya 1930 ndo zikaja mbao za katani, na hapo mambo yakabadilika kabisa, nyuzi zinapangwa zikiangalia mbele halafu zinabanwa na pete ya chuma, kishale kinapenya katikati ya nyuzi, ukikichomoa zinajirudia zenyewe. Ukizimwagia maji zinavimba, ndo hicho kitambi. Jamani mtu wa Tanga unaimwagia katani maji! Mkonge huu yule Mjerumani Hindorf kauleta 1893, miche 62 tu ndo ilifika hai ikapandwa huko Pangani, na maji yake katani ilishayamaliza shambani kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi. Nyie kazi yenu ni kuzungusha ubao kila baada ya muda, ile pete ya namba inachomoka, otherwise... yaani la sivyo pale kwenye 20 panapolengwa sana pataisha peke yake.

Haya ya ligi. Mtoano timu inafungwa siku ya kwanza inarudi nyumbani, wiki ijayo hawaji hata kuangalia. Timu sita nyumbani na ugenini kila mmoja anacheza mechi 10, jumla 30, mnazimaliza kwa wiki 10 na kila baa inapata wageni mara tano, mwenye baa hapo hawezi kukataa. Mtoano wekeni mwishoni kama bonanza. Chezeni 501, yaani kila upande unaanza na pointi 501 na unapunguza hadi sifuri, kumalizia lazima dabo, ile pete nyembamba ya nje inayozidisha namba mara mbili, mmoja mmoja kwanza halafu wawili wawili. Kiingilio kisikae kwa mwenye baa, nimeshaona ligi imefia kwenye droo ya kaunta. Na anayeshika chaki kuandika pointi atoke timu isiyocheza siku hiyo, vishale vina hesabu za kutoa haraka haraka na watu wameshakunywa, ugomvi mwingi naoujua mimi umeanzia kwenye chaki sio kwenye kishale. Mkishasimama watafuteni TADA, chama cha taifa.

Vipimo sasa: katikati ya ubao hadi sakafuni mita 1.73, mstari wa kurushia mita 2.37, na hiyo mnapima toka usoni pa ubao sio ukutani, wengi wanakosea hapo halafu wakienda ugenini wanalalamika wamehamishiwa mstari.