Ni amino asidi ama asidi amino? Na hiyo "muhimu" inatosha?

Msomaji mmoja anayesomea lishe hapa Nairobi ameniandikia hivi: "Habari mwalimu. Naandika kikaratasi cha kuwapa akina mama kwa kliniki moja huku Kayole, kinahusu protini. Mwenzangu mmoja anasema niandike amino asidi, mwingine anasema asidi amino. Halafu kuna mahali nimeandika asidi amino muhimu, hakuna mtu amenikosoa lakini mimi nikiisoma naona haikai sawa. Nisaidie."

Asante sana dada yangu, na sikio lako ni zuri, hiyo ya mwisho ndio yenye kazi kwa hivyo wacha nimalize ya kwanza haraka.

Andika asidi amino. Kwa Kiswahili kitu chenyewe kinatangulia halafu kinachokieleza kinafuata, ndio tunasema askari kanzu, tunasema bata mzinga, sijawahi kusikia mtu akisema mzinga bata. Hapa kitu chenyewe ni asidi, na amino inatuambia ni asidi ya aina gani. Ukipenda asidi za amino pia ni sawa, chagua moja ushikilie hadi mwisho. Ngeli ni I-ZI, asidi amino hii, asidi amino hizi. Na tafadhali andika protini nyingi, sio protini mingi, najua hapa Nairobi hiyo mingi tumeipeleka kila mahali, watu mingi, vitu mingi, lakini karatasi ya kliniki inasomwa na mama akiwa na mtoto wake pembeni anayejifunza kusoma, tumwandikie vizuri.

Jina lenyewe ukilitazama utaona limebeba kemia yake. Katikati ya molekuli kuna atomu moja ya kaboni yenye mikono minne. Mkono mmoja umeshika kikundi cha amino, yaani naitrojeni moja na haidrojeni mbili, na neno amino limetokana na amonia, ile harufu kali ya choo ambacho hakijapigwa maji. Mkono wa pili umeshika kikundi cha kaboksili, yaani kaboni moja, oksijeni mbili na haidrojeni moja, na hicho ndicho kinafanya iitwe asidi. Wa tatu umeshika haidrojeni, na wa nne ndio unatofautisha asidi amino moja na nyingine: kwa glisini ni haidrojeni tu ndio maana hiyo ndio ndogo kuliko zote, kwa sisteini na methionini kuna salfa ndani, na nywele zimejaa sisteini, sasa ukisikia nywele ikiungua na ile harufu yake unajua salfa iko kazini.

Sasa protini yenyewe. Wengine huandika proteini, na kuna waliopendelea utomwili, mimi nakushauri utumie protini maana ndio watu wanasema. Neno hili lilianza kuandikwa 1838 na mkemia Mholanzi Gerardus Johannes Mulder, baada ya mkemia mwenzake Berzelius wa Uswidi kumpendekezea, na asili yake ni Kigiriki, maana yake ni kitu cha daraja la kwanza. Tofauti ya protini na asidi amino wengi wanaichanganya lakini mtu wa Kiswahili hafai kuhangaika nayo, kwa sababu vitenzi vyetu vinajengwa hivyo hivyo. Chukua atanipikia: a, ta, ni, pik, i, a, vipande vimeshikana kwa mpangilio mpaka vikawa neno lenye kazi. Protini ni hivyo, asidi amino zinashikana moja baada ya nyingine, kaboksili ya hii na amino ya ile, na kila zinaposhikana molekuli moja ya maji inatoka. Hapo paliposhikana panaitwa bondi ya peptidi. Kiswahili kinatumia herufi 24 kuandika maneno yote, mwili unatumia asidi amino 20 hivi kujenga protini zote.

Na kama kwa lugha, badilisha sauti moja uone. Atanipikia na atanipigia, tofauti ni k na g tu lakini mmoja analeta chakula na mwingine anapiga simu. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwa damu, kwa mtu mzima ina minyororo minne ya asidi amino zilizoshikana, jumla asidi amino 574. Kwa mnyororo unaoitwa beta, nafasi ya 6, mahali palipofaa kuwa na asidi glutamiki inayopenda maji, pakikaa valini isiyopenda maji, na mtoto arithi hivyo kwa wazazi wote wawili, himoglobini zikiachilia oksijeni zinagandana na kuvuta seli ya damu mpaka inapinda kama mundu. Ndio tukaita selimundu. Hilo neno nalipenda sana, limeundwa na Kiswahili chenyewe na mama akilisikia anaona picha, na ni ugonjwa unaosumbua watoto wengi wa pande za Ziwa Victoria na Pwani kwa hivyo usiogope kulitumia.

Mnyororo pia haukai umenyooka, unajikunja na kupata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Keratini ya nywele na kolajeni ya ngozi ni nyuzi ndefu, himoglobini na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, vimejikunja kama donge. Joto linavuruga hilo umbo bila kukata mnyororo wenyewe, ute wa yai ukiuchemsha unaganda na kuwa mweupe na haurudi tena. Ni ute wa yai, usiandike nyeupe ya yai.

Haya, muhimu. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo, essential, lina maana mbili, kitu chenye umuhimu, na pia kitu ambacho lazima ukipate kutoka nje. Kwa lishe inatakiwa hiyo ya pili. Asidi amino 9 mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza kwa kiasi cha kutosha, lazima zije na chakula: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Ukiandika muhimu, mama atafikiri zile 11 zingine si muhimu, na si kweli, mwili unazihitaji zote, ila hizo 11 unaweza kujitengenezea. Kwa hivyo andika asidi amino za lazima, ama kama una nafasi, asidi amino za lazima kutoka kwa chakula. Hapo ndipo sikio lako lilikataa na lilikuwa sawa kabisa.

Na usimwachie mama orodha ya majina 9, yatamchosha bure. Mwambie kwa chakula anachokijua. Mimi ningeandika hivi: "Mahindi yana protini lakini lisini na triptofani yake ni kidogo. Maharagwe yana lisini nyingi lakini methionini yake ni kidogo, na hiyo mahindi yanayo. Ukipika githeri, kimoja kinajaziliza kingine."