Jibu: Navaa vizuri, mbona bado nasemwa sina ustaarabu?

Dada, kama unapendeza ila kwenye shughuli za Pwani bado unasemwa, tatizo huenda ni ulaji wako kwenye sinia la pamoja, si gauni. Nawa, subiri mkubwa aanze, kisha kula kwa mkono wa kulia, upande wako tu. Pilau ikusanye kwa ncha za vidole, ibonyeze kidogo, isukume mdomoni kwa dole gumba. Ukifanya tonge kubwa, chembe zinapanda kiganjani na kudondokea sehemu ya mwenzako. Nyama ya katikati usiivamie, ngoja igawiwe (hapa ndipo wengi huumbuka!). Vidole usilambe kabla hujamaliza. Ukishiba mapema, punguza kasi uwe unadokoadokoa. Ukiinuka wa kwanza, wenzako wataona haya kuendelea.