Re: Kigari cha kuunganisha kilichogundishwa vibaya, nikiloweke kwenye thina?

Salama mkuu. Umesema bodi ya kigari chako cha modeli imegandia chesisi (fremu ya chini) upande, rangi nene kama lami, na unataka kukiloweka kwenye thina. Usithubutu! Plastiki ya hivi vigari ni polistarini, thina inaiyeyusha. Mimi cha kwanza kilinifia hivyo hivyo, bodi ikalegea kama chapati.

Kwanza angalia gundi. Ikiwa imekauka na kuwa ngumu kama kioo, juu ina ukungu mweupe, hiyo ni supagluu. Kiweke kwenye friza usiku kucha, asubuhi pitisha wembe kwenye kiungo ukipinda taratibu. Baridi huifanya gundi ikatike kwa urahisi. Ikiwa plastiki imeyeyukiana, ile ni gundi ya tyubu, ya modeli, inayoyeyusha plastiki. Hapo friza haisaidii, mimi hukata kwa msumeno mdogo halafu naziba pengo.

Vioo vitoe kabla ya kutoa rangi ya zamani. Rangi naitoa kwa mafuta ya breki DOT 3, nilinunua duka la spea hapa Majengo. Vaa glavu, loweka, sugua kwa mswaki chakavu, osha kwa sabuni. Kila baada ya saa chache chungulia, maana plastiki hazifanani. Kromu ya bampa inatoka kwa Jiki tu, ila usiichanganye na kitu kingine.

Kupuliza rangi mpya, subiri upepo utulie. Vumbi la Dodoma unalijua.

Tupia picha ya kiungo cha mbele tukione.