Niongeze rangi gani kwenye kasha langu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nachora kwa rangi za maji, nina kasha la rangi 12. Nikienda Kigamboni asubuhi, ule ukijani wa bahari siupati hata nikichanganya vipi. Bogenvilia nazo zinanitokea rangi ya matope. Nimeweka akiba ya tyubu tatu. Ninunue zipi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kutoa pesa, geuza tyubu usome msimbo wa pigmenti, yaani herufi na namba za kitu kinachotia rangi, si jina la mbele. Majina kila kiwanda hujipangia, msimbo ndio unaokwambia ndani mna nini. Chagua yenye msimbo mmoja tu. Pigmenti zikirundikwa tatu ndani ya tyubu moja, ukichanganya na nyingine unapata matope.

Ya bahari ni PG7, kijani cha thalo. Ina nguvu mno, chovya ncha tu ya brashi, uitie na bluu kidogo na maji mengi. Ikishaingia kwenye karatasi haifutiki, kwa hiyo acha weupe wa mawimbi tangu mwanzo.

Bogenvilia hazikuwa kosa la mkono wako. Nadhani nyekundu yako inaelekea kwenye chungwa, na umanjano uliomo ndani yake ukikutana na bluu huzaa kahawia. Nunua PV19 ya waridi. Usishawishike na PR83, nyekundu ya alizarini, hata kama ni nzuri machoni. Niliwahi kuchora kwayo ua wa nyumba ya mama yangu Magomeni, nikautundika mkabala na dirisha. Maua yalipauka yote, yakabaki majani. Nyumba yenyewe ilishavunjwa, na picha ile ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo. Ndiyo maana nakusisitizia.

Ya tatu ni PBr7, ile ya udongo uliochomwa, nyekundu ya mabati yenye kutu. Changanya na bluu ya ultramarini, bila shaka unayo, upate kijivu cha mawingu ya masika. Nyeusi usinunue: PG7 na PV19 zikikolea pamoja zinakaribia usiku.

Halafu, kwa joto letu hili la unyevu, usifunge kasha likiwa bichi. Liache wazi usiku kucha chini ya kitambaa chepesi, la sivyo ukungu utaota juu ya rangi zako mpya.