Shingo imekaza tangu asubuhi

Pole sana ndugu. Kama umeamka tu shingo haigeuki, bila kuanguka wala kugongwa, mara nyingi hiyo ni misuli, na huachia yenyewe ndani ya siku chache, pengine wiki moja au mbili. Usiigandishe kama ya sanamu, ndivyo inavyozidi kukaza. Igeuze taratibu kulia na kushoto, kisha inamisha sikio kuelekea bega na ushikilie sekunde 15 hadi 30, mara kadhaa kwa siku. Ukihisi inavutika ni sawa; ikichoma, acha. Na usikubali mtu aipinde kwa nguvu mpaka ilie, hata akijiita fundi.

Kitambaa cha moto dakika 15 hivi kabla ya kunyoosha husaidia sana (isikuunguze tu). Kama dawa unaitaka, parasetamoli inawatosha wengi.

Halafu angalia mto. Ukilala chali uwe mwembamba. Ukilala ubavu ujaze nafasi kati ya bega na sikio. Kulala kifudifudi ndiko kubaya zaidi, maana shingo inabaki imepinda usiku kucha. Simu nayo inyanyue ikaribie usawa wa macho.

Ila kama maumivu yanashuka mkononi na kuleta ganzi au mkono kuishiwa nguvu, yamekuja na homa na kichwa kuuma vibaya, au yalianza baada ya ajali, hapo usinyooshe chochote. Nenda hospitali leo leo.