Kabla hujampelekea fundi fremu picha yako

Picha yangu ya kwanza ya buluu, sayanotaipu niliyoipaka dawa kwa brashi na kuianika juani, niliipeleka kwa fundi fremu nikamwambia tu, "Nitengenezee vizuri." Kosa lilikuwa langu. Akakata kingo zote zenye michirizi ya brashi, akaibandika kwa gundi ya mbao, akakandamiza kioo juu yake. Kwa macho yake alikuwa ameisafisha. Masika yalipopita, kwa unyevu wetu wa Mombasa, karatasi ilikuwa imefanya mawimbi na pembe moja imeota ukungu.

Basi anza na hilo: michirizi ionekane au ifichwe? Mimi huiacha kwenye picha za majani na nyavu. Sura za watu naifunika, maana jicho hukimbilia pembeni. Rafiki yangu hufanya kinyume kabisa, na kazi zake zinapendeza, jambo linaloniudhi kidogo. Ukiitaka, chukua kadi ya kuzungushia picha ndani ya fremu, ukate tundu lake la katikati, yaani dirisha, liwe kubwa kuliko karatasi. Ukiificha, kadi iingie juu ya picha milimita 3 hivi kila upande. Vyovyote vile, kadi iwe nene ya kutosha kioo kisiguse picha.

Picha ya sentimita 20 kwa 25 naipa pambizo ya 8 juu na ubavuni, 9 na nusu chini. Zikilingana, picha huonekana kama imeteremka. Wapo wanaozipenda hivyo. Isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua tano, uangalie mwenyewe.

Wembe badilisha kila dirisha moja au mawili. Ukiwa butu unararua, pembe zinaota manyoya. Gundi ni uji wa wanga wa ngano, kwenye vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, juu tu, picha ining'inie kama nguo kambani.

Na muulize muuzaji kama kadi imetiwa chokaa. Nyingi za kuhifadhia picha hutiwa ili kuzuia asidi, na picha za kawaida za nyeusi na nyeupe, zinazotengenezwa kwa madini ya fedha, hazina shida nayo. Buluu yetu ndiyo haiiwezi. Chukua picha iliyoharibika, idondoshee maji ya magadi, utaona buluu inavyogeuka njano papo hapo. Chokaa hufanya kazi ileile, ila polepole, ndani ya fremu uliyokwisha kumkabidhi mteja.